Mwongozo wa kazi ni haki ya watu wazima pia

Ndugu Mhariri,

Makala nyingi za kuchagua kazi huandikiwa kijana aliyemaliza shule juzi. Mwenye miaka 38, mwenye familia na mkopo, aliyepunguzwa kazini au aliyeichoka fani yake, anaachwa ajitafutie. Hatukubaliani na hali hiyo. Mkataba namba 142 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1975, unazitaka nchi zilizouridhia kupanua huduma za mwongozo wa kazi, na kifungu cha 3 kinawataja wazi watoto, vijana na watu wazima. Anayeingia ofisi ya ajira ya serikali kuulizia ushauri haombi hisani, na huko ndiko pa kuanzia kabla ya kumlipa mtu yeyote. Pengine pa kubisha hodi ni chuo ulichosoma, maana vyuo vingi huwahudumia wahitimu wao hata baada ya miaka, pamoja na chama cha wanataaluma wa fani unayoiwazia.

Sisi tunaofanya kazi hii ya ushauri tunawaona wengi wakija na tumaini moja: wapewe dodoso, liwaambie wafanye kazi gani. Madodoso mengi ya aina hiyo yametokana na nadharia ya mwanasaikolojia John Holland, aliyeanza kuichapisha mwaka 1959, inayogawa mielekeo ya watu katika makundi sita: vitendo, uchunguzi, sanaa, huduma kwa jamii, biashara na utaratibu wa ofisi. Lile fupi la O*NET, hifadhidata ya taarifa za kazi ya serikali ya Marekani, lina maswali 60, linapatikana bure mtandaoni, na ni zuri. Ila linapima unachovutiwa nacho tu. Halijui una uwezo gani, wala kama kuna nafasi za kazi. Watu wazima huliharibu kwa kulijibu wakiwa na hasira ya kazi ya sasa, au kwa kukataa kila shughuli ambayo hawajaisomea. Katika kila swali jiulize kama ungefurahia kuifanya shughuli hiyo, na mambo ya vyeti na mshahara yaweke kando kwanza.

Kinachotusaidia zaidi ya dodoso ni historia ya mtu, ikiandikwa kwa shughuli. Cheo hakisemi mengi. Mtunza stoo akiandika "mtunza stoo" ataonyeshwa stoo nyingine. Aandike anachokifanya: hupokea mzigo, huulinganisha na hati ya kupokelea, hugundua upungufu, hubishana na msambazaji mpaka alete kilichopungua, huhesabu mali mwisho wa mwezi na kueleza tofauti zilizojitokeza. Hapo ununuzi, ugavi na hata ukaguzi wa ndani vinaanza kuonekana. Chukua karatasi, orodhesha shughuli 20 au 30 za kazi zako zote, hata za kujitolea. Weka alama kwenye zile unazozimudu, kisha alama nyingine kwenye zile ambazo ungependa kuendelea nazo. Zitazame kwa makini zile unazozimudu lakini umezichoka, kwa sababu ndizo wenzako watakazokusukumia tena kwa nia njema.

Ukishapata fani mbili tatu, zungumza na watu walio ndani yake: mmoja aliyeanza karibuni, mwingine mzoefu, na ukiweza, mmoja aliyeiacha. Omba dakika 20, na usiombe kazi katika mazungumzo hayo, maana ukiomba tu, mwenzako ataanza kujihami. "Unaipenda kazi yako?" ni swali lisilozaa kitu. Uliza: jana ulifanya nini tangu asubuhi mpaka ulipofunga kazi? Wanaoacha huacha kwa nini? Ungekuwa unaajiri mtu wa umri wangu, ungeangalia nini kwanza?

Mshauri wa kulipwa naye ahojiwe kabla ya kupokea hata senti. Amesomea nini? Vikao vingapi, na mwisho wake utaondoka na nini mkononi? Je, anapata kamisheni kutoka chuo chochote? Hili la mwisho halina mjadala: anayelipwa na chuo kwa kila mwanafunzi anayempeleka ni muuzaji wa kozi. Wakala wa ajira pia si mshauri. Mteja wake ni mwajiri mwenye nafasi ya kujaza. Na anayekuahidi kazi, achana naye.

Kosa linalogharimu zaidi ni kulipia kozi ya miaka miwili kwanza, ndipo kuulizia soko. Soma matangazo ya kazi kama 15 ya fani hiyo na uhesabu ni mangapi yanadai cheti hicho. Kiulize chuo, kwa maandishi, kama kina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, kwani unaweza kusamehewa baadhi ya masomo. Kisha soma somo moja tu kwanza, au jitolee wikendi chache, ungali na mshahara wako.

Tunakuomba, Mhariri, utenge nafasi hata mara moja kwa mwezi kwa maswali ya wasomaji walio kazini na waliopoteza kazi, yajibiwe na washauri wasio na kozi ya kuuza.

Wako katika huduma,
Washauri wa kazi kwa watu wazima