Sungura akinyonyoka, tazama mahali kabla ya kushika sindano

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wafugaji wa sungura kwamba kunyonyoka manyoya ni dalili tu, na mara nyingi chanzo hujulikana kwa mahali yalipotoka. Wengi hukimbilia aivamektini, dawa ya kuua vimelea, hata kwa sungura anayebadili manyoya. Huyo ngozi yake ni safi na manyoya mapya yameshachomoza. Mchane kila siku, mpe nyasi kavu tele, basi.

Mba mweupe kisogoni na mgongoni huashiria utitiri. Mchane juu ya karatasi nyeusi: chembe zikitembea, umewapata. Hapo ndipo aivamektini inapofaa, miligramu 0.2 hadi 0.4 kwa kilo moja ya uzito. Dawa ya sindano ya ng'ombe huwa na miligramu 10 kwa mililita, hivyo sungura wa kilo 2 anahitaji mililita 0.04 hadi 0.08 tu. Kiasi hicho hakikadiriwi kwa macho. Apime daktari wa mifugo. Dawa haiui mayai, ndiyo maana hurudiwa baada ya siku 14, kwa sungura wote waliokaa pamoja, na matandiko yabadilishwe. Fipronili, dawa ya viroboto ya mbwa, isimguse kabisa, inaweza kumuua.

Mabaka yenye magamba puani, masikioni au miguuni huenda ni choa. Ni fangasi, aivamektini haimgusi, na humwambukiza mtu, kwa hiyo vaa glavu.

Kidevu kikilowa na kunyonyoka, fungua kinywa kabla ya kulaumu ngozi: meno yaliyorefuka humfanya atoe udenda. Nyuma pakilowa, mara nyingi ni mkojo. Nyayo zikiwa wazi, angalia sakafu ya waya.

Jike anayejing'oa manyoya ya kifuani na tumboni anatengeneza kiota. Mimba huchukua siku 31 hivi, lakini mimba ya uongo humpata hata akipandwa na jike mwenzake, naye hujing'oa siku ya 16 hadi 18. Usimpake chochote.

Manyoya yaliyokatwa na kubaki vishina yametafunwa. Yakiwa ubavuni, huenda amejitafuna mwenyewe kwa kukosa nyasi. Yakiwa kisogoni, ambako mdomo wake haufiki, mkosaji ni mwenzake: yule mwenye manyoya kamili, ambaye hakuna anayemshuku. Mtenge huyo.

Msomaji wako