Wanangu wa mwaka wa kwanza, hakuna aliyewaacha nyuma

Wanangu mlioingia chuo mwaka huu,

Poleni na pilikapilika za usajili. Nawaandikia kuhusu ngono, na lile swali la hosteli taa zikishazimwa: "Kwani wewe bado?" Wengi hujibu uongo, kisha hulala na roho nzito wakidhani wamechelewa. Mwenye miaka 22 ambaye hajaanza si mgonjwa wala mshamba. Na hao wanaokucheka hawatakuwapo siku unahesabu tarehe peke yako.

Nimekuwa muuguzi miaka mingi, siku hiyo naijua. Binti anafika duka la dawa jioni, anasubiri wateja waishe, ananong'ona, "Naomba P2." Anameza, anaondoka akiamini yameisha. Mwanangu, P2 inapunguza uwezekano wa mimba tu, tena ukiiwahi. Haizuii VVU, wala kaswende, wala kisonono. Kondomu ikipasuka, au haikutumika kabisa, na hali ya mwenzio huijui, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo uulizie PEP. Ni dawa za ARV za kuzuia VVU visikushike, huanzwa ndani ya saa 72, na humezwa siku 28 bila kuruka. Kama ulilazimishwa, wahi vilevile. Kosa si lako, usioge kwanza.

Vijana wa kiume, mkojo ukiwaka moto msigawane vidonge chumbani. Nendeni mkapimwe, na mwenzio naye atibiwe.

Kinachonisumbua zaidi ni hofu ya baadaye. Mtu anakaa wiki tatu halali usingizi, hali chakula, vipindi hahudhurii, kwa kuogopa kipimo cha dakika ishirini. Tanzania, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2019, unaruhusiwa hata kujipima VVU mwenyewe. Kikisoma kuwa unao, kituoni watathibitisha na utaanzishiwa dawa. Watu wanazitumia, wanahitimu, wanazaa watoto wasio na virusi.

Mwenzenu akigeukia ukuta siku ya tatu, msimtanie, wala msiseme "atazoea." Sonona haizoeleki. Kaa kitandani kwake, muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru, msindikize kwa mshauri wa wanafunzi, msubiri mpaka atoke.

Na wiki hii ulizeni zahanati ya chuo hufungwa saa ngapi Jumamosi, na ni hospitali gani ya karibu inayotoa PEP usiku.

Shangazi yenu,
Muuguzi mstaafu, Morogoro