Kitenzi cha wiki: entice

Habari za jioni wanakikundi. Wiki hii tuna kitenzi cha Kiingereza entice, hutamkwa in-TAIS, mkazo silabi ya pili. Maana yake ni kumvuta mtu kwa kumwonyesha kitu kitamu: punguzo la bei, mshahara mnono, harufu ya pilau. Lazima chambo kiwepo. Kumbembeleza mtu taratibu kwa maneno ni coax.

Kinachowaangusha wengi ni neno linalofuata. Baada ya mtendwa weka to na kitenzi kisichonyambuliwa: The discount enticed them to buy two. Ukichagua into, kitenzi kiishie na -ing: They enticed him into signing. Hiyo into ina harufu ya mtego. Msiandike enticed him that he buys. Hiyo ni "wakamshawishi anunue" yetu imevalishwa suti.

Lure, yenye maana ya karibu na entice, ni kali zaidi, aghalabu mbele kuna hatari, ndiyo maana magazeti huitumia kwenye habari za utekaji. Kivumishi enticing hakina ubaya, hata menyu yaweza kuwa enticing.

Kila mmoja atume sentensi mbili, ya to na ya into, kabla ya Ijumaa saa mbili usiku. Maandishi tu, msitume sauti.