Trekta iliyotumika ikaguliwe ikiwa baridi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeshauriwa anunue trekta iliyotumika yenye nguvu nyingi kadiri mfuko wake utakavyoruhusu, ilhali ana farasi wawili tu. Mimi nina watatu, na nimeshanunua trekta mara mbili.

Muuzaji wa kwanza aliniuliza nataka nguvu za farasi ngapi. Nikamjibu kwamba farasi ninao, nimekosa wa kuzoa kinyesi chao. Nilikuwa natania, lakini kazi hasa ndiyo hiyo. Farasi wa kilo 500 hutoa zaidi ya kilo 20 kwa siku. Piga hesabu ya watatu kwa mwezi. Kwa kuzoa, kufyeka majani na kusawazisha uwanja, nguvu 25 hadi 35 zinatosha. Cha lazima ni beleshi la mbele. Kama utanyanyua marobota makubwa ya nyasi, yale ya mviringo, uliza beleshi linabeba kilo ngapi, na ufunge uzito nyuma, la sivyo magurudumu ya nyuma yatainuka.

Trekta ile ilikuwa na rangi mpya, inang'aa kama bibi harusi. Nilipofika nikaikuta inanguruma tayari, nami nikadhani ni ukarimu. Kesho yake asubuhi haikuwaka. Safari ya pili nilimwambia muuzaji asiiguse mpaka nifike, na kitu cha kwanza nikaweka kiganja kwenye injini: baridi. Ikawaka. Nikatazama kama moshi wa buluu unaendelea kutoka, maana huo ni oili inayoungua. Kisha nikainua beleshi, nikazima injini, nikapiga soga na mwenyewe robo saa nzima. Halikushuka, maana yake mtambo wa kulinyanyua hauvuji.

Jingine sikuambiwa na mtu. Matrekta mengi ya zamani yana klachi moja tu, ya magurudumu na ya shafti inayozungusha mashine ya nyuma. Ukiikanyaga, visu vya kufyekea bado vinazunguka kwa kasi yake na vinaisukuma trekta mbele. Yangu ilinipeleka hadi kwenye uzio, mguu umekandamiza klachi mpaka mwisho, farasi wanatimua mbio. Kipo kifaa cha kufunga kwenye shafti kuzuia hilo; nilikijua baada ya uzio kulala.

Na isiyo na fremu ya kumkinga dereva ikipinduka, wala mkanda, usiipande hata kuijaribu.

Niliyo nayo sasa imebabuka rangi, na kiti nimekishona kwa uzi wa gunia. Mita yake ya kuhesabu saa ilizofanya kazi ilikufa kabla sijainunua, na sijaitengeneza.

Mfugaji wa farasi watatu