Babu hakustaafu, alifungwa

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu likiuzwa kwa sarafu na sijawahi kuwaandikia. Ile makala ya Jumapili kuhusu Abdulrahman Mohamed Babu, mwanasiasa wa Zanzibar, imenishinda. Eti usiku wa Mapinduzi ya Zanzibar aliongoza uvamizi, na eti mwaka 1972 "alistaafu siasa akahamia ng'ambo".

Usiku wa kuamkia 12 Januari 1964 Babu alikuwa Dar es Salaam. Chama chake cha Umma, alichokiunda 1963 baada ya kujitoa Hizbu (chama cha ZNP), kilikuwa kimeshapigwa marufuku. Alivuka kurudi Unguja serikali imeshaanguka, akapewa Mambo ya Nje. Kufika Aprili Muungano unatiwa saini, waziri huyo huyo yuko safarini Asia!

Na huko kustaafu, kulikuwaje? Februari 1972 Nyerere alimwacha nje ya Baraza la Mawaziri. Tarehe 7 Aprili Karume, Rais wa Zanzibar, akapigwa risasi akafa pale Kisiwandui, Unguja, na haukupita muda Babu akakamatwa, makomredi wake wa zamani wakazolewa. Kesi ya njama hizo ikasikilizwa Zanzibar, yeye yuko kizuizini Bara kwa kuwa Nyerere alikataa kumtoa. Wakamhukumu kifo hivyo hivyo, hayupo kizimbani. Akaachiwa 1978. Ndipo akaenda ng'ambo, akasomesha Marekani, akafia London 1996, akarudishwa kuzikwa Unguja. Mimi si shabiki wake, maana naona Umaksi aliujua vizuri kuliko alivyowajua wachuma karafuu. Lakini mtu aliyekaa ndani miaka sita mnamwandika kama mzee aliyekabidhiwa baiskeli na cheti!

Madhara yake nimeyaona nyumbani. Mjukuu wangu aliulizwa shuleni mawaziri wa mwanzo wa Zanzibar, akamtaja Babu. Akapigwa mkasi kwa kalamu nyekundu mpaka karatasi ikachanika. Nilipokwenda, mwalimu akanipa kiti, akanipa shikamoo, kisha akasema, "Mzee wangu, hilo jina halimo kwenye notsi." Nikamwuliza notsi kaziandika nani. Akacheka.

Nikaenda kutafuta ushahidi kwenye maktaba moja hapa mjini. Magazeti ya 1972 yamefungwa kamba ya katani, na kurasa za Aprili zimekatwa kwa wembe, zimebaki pindo tu. Mhudumu ananiambia ni wanafunzi. Wanafunzi gani wanaochagua mwezi? Na kivuli cha ukurasa mmoja wanakutoza bei ya mkate.

Sasa chukueni ile nusu ukurasa mnayowapa watu wa kubeti, toleo la 12 Januari, mwandishi wenu aandike mara 50 kwa mkono wake: Babu alikuwa ndani, 1972 hadi 1978. Wino mweusi, asiruke mstari. Nafasi isipotosha, ondoeni safu ya nyota. Mimi ni Mashuke, kila wiki mnaniahidi fedha na sijaiona hata shilingi.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Magomeni, Dar es Salaam