Dada, Musa naye akapimwe

Amsterdam

Mama Elia, dada yangu,

Mbukwenyi nyote hapo Ipagala. Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Mama mwambie hela ya mbolea ya zabibu nimeituma kwenye simu ya shemeji.

Picha za MRI za Elia nimezipata. Umeishika filamu dirishani mpaka maua ya pazia yanaonekana kwenye kichwa cha mtoto, lakini nilichokuwa nakiogopa nimekiona: madoa meupe upande wa kisogoni, kulia na kushoto, yanalingana. Weupe ule usikupe moyo. Kwenye picha za aina ile, sehemu nyeupe ya ubongo wa mtoto wa miaka saba hutakiwa kuonekana ya kijivu iliyokoza, kwa sababu ya mafuta yanayofunika nyuzi za fahamu. Mafuta yakiharibika, maji huzidi, na picha hung'aa. Na huko nyuma ndiko ubongo unakopokea kile macho yanachoona. Karibu yake ndiko unakoelewa yaliyosikiwa. Halafu kuna mwalimu alimchapa eti haangalii ubaoni. Basi, niishie hapo.

Daktari ameandika adrenolukodistrofi, ugonjwa wa kurithi unaoharibu mafuta hayo ya ubongo, na alama ya kuuliza. Ana haki ya kuiweka. Picha huonyesha sura ya ugonjwa; kuthibitisha ni kazi ya damu, wapime mafuta yenye minyororo mirefu sana, kisha ABCD1, jeni inayoleta ugonjwa huu ikiwa na kasoro. Wakisema sampuli isafirishwe, kubali. Muulize pia kama Elia alichomwa dawa ya kung'arisha picha. Ukingo wa doa ukiwaka baada ya dawa hiyo, ugonjwa unatembea. Huku doa hupewa alama za Loes, 0 hadi 34, na kupandikiza uboho husaidia zaidi zikiwa chini ya 9. Hospitali ya Benjamin Mkapa wanawapandikiza watoto wenye selimundu, kwa hiyo uliza bila aibu. Lakini nisikufiche: upandikizaji husimamisha, haurudishi kilichopotea.

Sasa Musa, ndugu yake Elia. Najua anacheza vizuri, anakula. Ndiyo maana nataka apimwe sasa. Akikutwa na ugonjwa huu, atapigwa MRI mara kwa mara, kila miezi sita hivi katika umri wake, ili doa lishikwe likiwa dogo. Mama asiogope mionzi, mashine ile ni sumaku na mawimbi ya redio. Kero yake ni kelele, na mtoto mdogo hupewa dawa ya usingizi atulie.

Wote wawili wapimwe kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, wiki hii. Ugonjwa huu huua tezi hizo, na homa ya kawaida tu inaweza kumwangusha mtoto. Angalia fizi za Elia na vifundo vya vidole, kama vimekuwa vyeusi kuliko zamani. Hilo lina vidonge, na siyo ghali kama hayo mengine.

Shemeji asitafutiwe kosa, baba hampi mwanawe wa kiume jeni hii. Hupitia kwa mama, nusu kwa nusu kila mimba, nawe hukuichagua. Nimemkumbuka mjomba wa Mpwapwa aliyepofuka akiwa mtoto, wakasema karogwa. Sijui. Mimi mwenyewe nimeomba nipimwe.

Kaombe CD yenye picha zote, filamu ya dirishani haitoshi. Nitapiga Jumapili baada ya ibada, shemeji awepo.

Mdogo wako,
Neema