Cheti kimoja cha vifaa vya redio kitoshe Afrika Mashariki yote

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotukwamisha mafundi wachache tunaotengeneza vifaa vya mawasiliano hapa nyumbani na kutaka kuviuza nje ya mipaka. Mimi natengeneza, hapa Arusha, kifaa kidogo kinachofungwa juu ya simtanki au kwenye mdomo wa kisima kirefu. Kinapima kina cha maji na kurusha taarifa kwa redio hadi kituo kilicho kilomita kadhaa, na mwenye kisima anaiona kwenye simu yake. Mfugaji hana haja tena ya kumwamsha kijana alfajiri aende kuchungulia kama pampu imezima.

Niseme wazi kwanza kwamba sipingi vibali vinavyotakiwa kabla kifaa cha redio hakijauzwa. Moduli za redio tunazoagiza, yaani vile vipande vidogo vinavyorusha mawimbi ndani ya kifaa, zinafanana kama mapacha. Tofauti ni namba ndogo iliyochapwa kwenye mfuniko wake wa bati, 868 au 915, yaani masafa yake kwa megahezi. Ile ya 915 ni ya soko la Marekani, ambako masafa ya megahezi 902 hadi 928 yameachiwa vifaa vidogo vya aina hii. Sisi katika mgawanyo wa masafa wa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, tuko Kanda ya 1 pamoja na Ulaya, na huku megahezi 890 hadi 915 ndimo simu za GSM zinamotumia kuwasiliana na mnara. Ukiifunga moduli ya Marekani karibu na mnara, mawimbi yake yanaingia kwenye njia hiyohiyo, na wanakijiji wanaanza kulalamika kuwa mtandao unakatikakatika. Ndivyo ilivyo pia kwa zile simu za nyumbani zisizo na waya zilizoandikwa DECT 6.0, ambazo ndugu zetu wanaoishi Marekani hutuletea kama zawadi. Zinarusha kati ya megahezi 1920 na 1930, palepale yanapoanzia masafa ambayo simu za 3G hutumia kupeleka mawasiliano mnarani. Mamlaka ya mawasiliano inapodai ripoti ya maabara kabla kifaa hakijaingia sokoni, inamlinda kila mwenye simu.

Linaloniuma ni kurudia kazi ileile kwa kila nchi. Kifaa changu kilipimwa nje ya nchi na maabara yenye ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara. Walipima nguvu ya mawimbi, uvujaji wake nje ya masafa yaliyoruhusiwa, na usalama wa umeme. Kwa ripoti hiyo nikapata cheti cha hapa. Kisha ushirika wa wafugaji wa nchi moja jirani ukaniomba niwafungie vifaa kwenye visima vyao. Huko niliambiwa nianze upya: maombi mapya, ada mpya, mwakilishi mwenyeji wa kunisimamia, na sampuli ya kupimwa. Sampuli ikakamatwa forodha kwa kuwa haina kibali cha mawasiliano. Nikaenda kuomba kibali, nikajibiwa hakitolewi mpaka sampuli ifike. Kila ofisi ilikuwa na barua yake mkononi na kila moja ilifuata kanuni zake. Walioumia ni wafugaji, maana kiangazi kilipita wakiendelea kuchungulia visima kwa macho.

Kuna na hili, ambalo watu wasio wa kazi hii hawalioni. Cheti hutolewa kwa modeli jinsi ilivyopimwa. Chipu zilipoadimika duniani mwaka 2021, wengi wetu tulilazimika kubadilisha moduli ili tusifunge karakana. Ukibadilisha moduli au antena, unarudi kwenye maombi. Kwa nchi moja hilo linavumilika. Kwa nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki, fundi mdogo hawezi, na soko linabaki kwa kampuni kubwa za nje zenye watu wa kukaa na makaratasi hayo mwaka mzima.

Ulaya walikuwa hivihivi, kila nchi na kibali chake. Wakaachana na utaratibu huo mwaka 2000, na leo chini ya agizo namba 2014/53/EU kifaa chenye alama ya CE, ambayo mtengenezaji huiweka kutamka kwamba kimetimiza masharti, kinauzwa katika nchi zote za Umoja. Mtengenezaji anatakiwa kutunza jalada la vipimo kwa miaka 10, na wakaguzi wanapita madukani kukamata wadanganyifu. Marekani nao, moduli ikishapata namba ya FCC, mamlaka yao ya mawasiliano, aliyeiweka ndani ya kifaa chake kwa kufuata masharti yake haanzi kuiombea idhini upya.

Sisi hatuko mbali na hapo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina sheria ya viwango ya mwaka 2006, ambayo kwayo alama ya ubora ya nchi mwanachama hutambuliwa na nchi nyingine. Wasimamizi wetu wa mawasiliano wana jumuiya yao, EACO, yenye sekretarieti Kigali. Na Bunge la Afrika Mashariki linakaa hapahapa Arusha.

Ombi langu kwa wakuu wa mamlaka za mawasiliano ni kwamba ripoti ya maabara yenye ithibati ipokelewe na nchi zote za Jumuiya bila kupima tena, na kila nchi ibaki na haki ya kuangalia masafa yake na kukagua sokoni. Sampuli ya kupimwa ipewe hati ya muda ya kuvuka mpaka siku maombi yanapopokelewa. Kama kufungua mlango wote kunaogopesha, waanze na vifaa vya nguvu ndogo, vya miliwati 25 kushuka chini, ambavyo ndivyo vinavyotengenezwa na mafundi wa huku. Simu na mitambo ya minarani ifuate baadaye.

Fundi wa vifaa vya redio,
Njiro, Arusha.